Doa la Bluu Katika Kabati la Shangazi Skola

Kabati la vyombo la marehemu shangazi yangu Skola lina doa la bluu, na tangu tumalize mazishi binti yake Anjela hajaniacha nipumue kwa ajili ya doa hilo. Waombolezaji wameondoka, masufuria ya kuazima yamerudi kwa wenyewe, turubai limeteremshwa, na sisi wawili tumebaki katika sebule yake ya Mjimwema, hapa Songea, tukipanga kipi kinakwenda wapi. Anjela amekuja kutoka Dar es Salaam na moyo mzito, sikatai, mama ni mama. Lakini kila akipita mbele ya kabati anasimama, anafungua kioo, anakuna rafu ya kati kwa ukucha. "Editha, si wewe ndiye fundi wa rangi? Lifute basi. Kabati zuri hivi nitaliweka vipi kwangu na doa?" Namwambia nitalifuta. Tukimaliza chai ananiuliza tena. Anajua kwamba ni mimi niliyelitia, maana mama yake alimweleza kila mtu aliyewahi kukanyaga nyumba hii. Hajui lilitiwaje, kwa sababu mwaka ule alikuwa kwa mumewe, na shangazi kila alipoulizwa alikuwa na jibu moja tu: "Huyo ni Editha, alinichafulia kabati."

Mwaka wenyewe ni ule ambao walimu wa Songea walianza kununua laptop. Kwa nini nilitoka kijijini kwetu Mpitimbi, na nani alisema nini nilipoondoka, hayo nayaruka, hayamfai mtu. Nilikuwa msichana mkubwa, nimemaliza shule, sitaki kulima mahindi, basi. Shangazi alinipa chumba cha nyuma chenye dirisha linalotazama jiko, pamoja na sheria za sebule yake, na sheria hizo ndizo zilizotaka kunitoa roho. Sakafu ya saruji ilipakwa dawa nyekundu na kusuguliwa kila Jumamosi mpaka unaona kivuli cha goti lako. Na kila kilichosimama juu ya sakafu hiyo kilivishwa kitambaa cha kufuma. Makochi yalivishwa migongoni na mikononi. Televisheni ilivishwa. Redio ilivishwa, kiasi kwamba ukitaka kubadilisha stesheni unaingiza mkono chini ya kitambaa na kupapasa gizani. Mtungi wa maji, chupa ya chai, hata rimoti iliyokuwa tayari ndani ya nailoni yake ya dukani. Shangazi alivifuma mwenyewe kwa uzi mweupe mzito, ua kubwa katikati na majani pembeni, na alikuwa na jicho la kuona kitambaa kilichosogea hata akiwa anapita na ndoo kichwani. "Kimepinda," anasema. Unakinyoosha. "Bado kimepinda." Nililisikia neno hilo mara nyingi kuliko jina langu.

Kabati lilikuwa na sheria zake peke yake. Lilikuwa la mbao za mninga, milango ya vioo, mpira mwembamba umezungushwa kwenye milango ili vumbi lisiingie, na ufunguo ulikaa kwenye pindo la kanga ya shangazi. Ndani mlikuwa na sahani na vikombe vya arusi yake, vyenye maua mekundu na ukingo wa dhahabu, ambavyo havijawahi kuona chakula. Vilikuwa vya wageni. Ni wageni gani, sikuwahi kuwajua. Padri alipokuja kubariki nyumba alinywea chai kwenye kikombe cha bati kama sisi, na nilipomuuliza shangazi kama padri naye si mgeni, alinijibu kwamba padri ni mtu wa nyumbani.

Kazi nilipata mtaa wa Mfaranyaki, kwa Mzee Komba, fundi wa redio, televisheni na chochote chenye waya. Mwanzoni nilikuwa wa kufuta vumbi na kuwaambia wateja kwamba vitu vyao havijawa tayari, kazi ambayo niliifanya vizuri kwa sababu sikuona haya kuwaambia watu hapana. Mzee Komba alikuwa na ujuzi wa zamani wa kupuliza rangi feni na majokofu yaliyochakaa. Walimu walipoanza kuleta laptop zao, zote nyeusi, zote za aina moja, wakilalamika kwamba kule ofisini kwao mtu anabeba ya mwenzake na kugundua akiwa darasani, alinifundisha kuzipaka. Alifungua kile kifuniko cha nyuma ya kioo, akaniwekea mezani. "Mkono wako una subira," aliniambia. "Mdomo ndio hauna. Kwa rangi tutatumia mkono."

Niliipenda kazi ile na ilinichosha sana, yote mawili kwa pamoja. Watu wanafikiri kupaka rangi ni kupaka. Sehemu kubwa ni kutopaka. Unasugua kwa msasa laini wenye maji, kidogo tu, mng'ao wa zamani ufifie bila kuiumiza plastiki. Unafuta kwa spiriti. Unaziba kwa tepu ya karatasi kila ambapo rangi haitakiwi: tundu la kamera, sehemu za bawaba, kingo za ndani. Unapuliza tabaka jembamba, mkono ukipita bila kusimama, unangoja, unapuliza tena, na mwisho kabisa unaweka ile vanishi isiyo na rangi ambayo mafundi wa magari wanaiita klia, ndiyo inayorudisha mng'ao. Halafu unaiacha. Hapo kwenye kuiacha ndipo nilipokuwa nagombana na dunia. Duka la Mzee Komba lilikuwa kando ya barabara ya vumbi, bodaboda zinapita mchana kutwa, na kila klia niliyoiweka ilinyeshewa chembechembe nyekundu kabla haijatulia. Nilifunga mlango, wateja wakaufungua. Niliweka kibao, wakaingia kuuliza kibao kinasema nini.

Ndipo akaja Madamu Mapunda, mwalimu wa hesabu, mwanamke mrefu wa sauti ndogo ambayo ilikulazimisha kunyamaza ili uisikie. Laptop yake ilikuwa imekwaruzwa kila upande kwa kubebwa kwenye keria ya pikipiki pamoja na madaftari. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akatoa mkobani kipande cha kitenge cha sare ya akina mama wa kanisani.

"Nataka bluu hii," akasema. "Juu tu. Ndani isiguswe. Na sitaki ionekane imepakwa rangi."

"Madamu, ikipakwa rangi itaonekana imepakwa rangi."

"Hiyo nyeusi ya mwanzo, wewe uliiona ikipakwa?"

Mzee Komba alicheka mpaka akakohoa. Madamu alikuwa anasafiri baada ya wiki mbili kwenda kwenye mafunzo Dodoma, na alitaka kufika na kitu kinachong'aa kama kilivyotoka kiwandani, ila cha bluu. Ibadilike lakini isibadilike. Wateja wa namna hiyo ndio walionizeesha. Madamu alipoondoka, Mzee Komba aliacha kucheka. Aliniambia kwamba huyo mama akiridhika, walimu wote wa shule yake watakuja, na hapo kutakuwa na kazi ya kumtosha mtu mzima. Meza ya dirishani itakuwa yangu, nitakuwa fundi na si mfuta vumbi. Akiharibiwa, atawaambia hao hao walimu, na yeye Komba hatakuwa na sababu ya kuendelea kuniweka. "Mpitimbi si mbali," akasema, bila ubaya, kama mtu anayekueleza njia. Niliifungua laptop ya Madamu, nikatoa kifuniko cha juu nikakipeleka Mjimwema, kwenye nyumba pekee niliyoijua mjini isiyo na vumbi.

Ilikuwa Juni, na mwenye kuijua Juni ya Songea anajua ubaridi ule na manyunyu yanayokuja bila kusema. Nilipulizia nyuma ya jiko asubuhi, kabla upepo haujaanza, na nilikaushia sebuleni juu ya stuli, mlango umefungwa. Shangazi alilalamika tangu tabaka la kwanza. Rangi inamuumiza kichwa. Maharage yananuka thina ya kuyeyushia rangi. Kweli yalinuka, tulikula maharage ya thina na ugali wa thina, na yeye akisema kila tonge kwamba watu wanasomesha watoto waje wawalishe sumu. Lakini alipokuwa uani akianua nguo nilimsikia akiongea na jirani yetu Mama Shaibu, upande wa pili wa ua wa matete. "Mtoto wa kaka yangu anapaka kompyuta za walimu," alikuwa akisema, tena kwa sauti ya kutosha nyumba ya tatu. "Siyo kupaka kama ukuta, Mama Shaibu. Inang'aa! Unajiona uso." Akarudi ndani akaniambia niondoe takataka zangu mlangoni.

Bluu ilitoka vizuri. Niliilinganisha na kitenge mwangani, sikuona tofauti. Niliweka klia ya mwisho, nikamwambia shangazi kwa Kiswahili kilichonyooka: "Isiguswe mpaka nitakaporudi kesho. Juu inaonekana imekauka, chini bado, hasa na baridi hii." Akasema amesikia, yeye si kiziwi. Usiku ule nililala kwa rafiki yangu aliyekuwa na mgonjwa. Niliporudi niliingia sebuleni moja kwa moja na sikukiona kifuniko. Niliona stuli, juu ya stuli kitambaa cha kufuma, na katikati ya kitambaa chombo cha maua ya plastiki.

Sijui niliita jina la mtakatifu gani. Shangazi alitoka jikoni akifuta mikono. "Vumbi lingeingia," akasema. "Nikagusa kwa kidole pembeni, ikawa kavu, nikaifunika. Kitu kizuri hakiachwi uchi." Niliondoa maua. Nilishika ncha ya kitambaa nikavuta taratibu, na kikang'oka kwa sauti ndogo, sauti ambayo naisikia hadi leo nikiweka klia wakati wa baridi. Ua lake lote lilikuwa limezama kwenye rangi. Kila petali, kila jani la pembeni, na nyuzi nyeupe zilizokatika zimeganda humo, na katikati duara la kitako cha chombo cha maua. Kazi ya wiki nzima. Nilipiga kelele. Nilisema kila nilichokuwa nimekibana tangu nifike katika nyumba ile: kwamba redio haina baridi, kwamba rimoti haihitaji nguo, kwamba kuna watu duniani wanaoweza kuacha kitu kikae kama kilivyo. Shangazi hakunijibu. Na hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu shangazi Skola alikuwa hajawahi kuniachia neno la mwisho.

Nilikaa chumbani nikiwa na msasa na ndoo ya maji, nikisugua lile ua huku nalia kwa hasira. Bado siku zilikuwepo za kurudia, kwa shida, ila sikuwa na pa kukaushia. Dirishani nilimsikia shangazi uani, safari hii kwa sauti ya chini.

"Nimemharibia mtoto kazi, Mama Shaibu. Akirudishwa kijijini ni kwa mkono wangu huu."

"Hukukusudia, Mama Anjela. Inshallah atatengeneza."

"Atakaushia wapi? Kwa fundi wake vumbi. Hapa kwangu niko mimi."

Asubuhi niliamshwa na mlio wa vyombo. Nilitoka nikamkuta shangazi amepiga magoti mbele ya kabati, milango ya vioo iko wazi, anatoa sahani za arusi moja moja na kuzipanga kwenye beseni juu ya kanga iliyokunjwa. Rafu ya juu ilikuwa tupu. Ya kati ilikuwa tupu. Sebule nzima ilikuwa uchi. Vitambaa vyote alikuwa ameviondoa, vimekunjwa, vimerundikwa kochini, na makochi yalionekana kama ya nyumba ya mtu mwingine, yenye mabaka ambayo sikujua yako. Redio niligundua ni ya kahawia. "Usinitazame," akasema. "Humu vumbi haliingii. Nenda kapake kitu chako ulete."

Nilipaka. Safari ile mkono wangu ulitulia kuliko siku yoyote, sijui ni kwa sababu ya ugomvi kuisha au ya hofu. Nilipomaliza klia ya mwisho manyunyu yalianza, nikakimbia ndani na kifuniko nimekishika kwa tepu, nikakisimamisha kwenye rafu ya kati, kimeegemea ukuta wa kabati. Kwa haraka ile ukingo wa chini, ule unaofichwa na bawaba, ulikaa juu ya mbao kabla haujakauka. Nikaona bluu ikichuruzika kidogo kwenye mninga. Nilinyoosha mkono nikisogeze. Shangazi alikuwa ameshafunga kioo na kuzungusha ufunguo.

"Shangazi, fungua, kinachafua kabati."

"Umesema hakiguswi."

"Nimesema wewe usikiguse!"

"Hakiguswi na mtu." Akafunga ufunguo kwenye pindo la kanga.

Basi ukaanza wakati wa ajabu kuliko wote niliokaa katika nyumba ile. Vyombo vya arusi vilijaa meza ya jikoni, hapakuwa na pa kuweka sahani za kila siku, na shangazi akaamua, kwa uso wa mtu anayekwenda kung'olewa jino, kwamba tutakula kwenye hizo hizo. Tulikula ugali na dagaa wa Nyasa kwenye sahani zenye ukingo wa dhahabu. Shangazi alikaa wima kama yuko kwenye karamu ya mtu mkubwa, anamega tonge dogo, anachovya kwa adabu, anaangalia kucha zake zisigonge maua. Mama Shaibu aliletewa chai kwenye kikombe chenye kisahani chake, akauliza kuna msiba gani. Mimi kila nikipita niliegemeza paji la uso kwenye kioo nikitafuta kasoro, naambiwa nisikipumulie. Niliomba ufunguo. Nilinyimwa. Nilimwambia mimi ndiye fundi, akaniambia kabati ndilo lake. Na jioni moja, tukiwa tumekaa katika sebule ile isiyo na kitambaa hata kimoja, sikuweza kuvumilia tena. Nilivichukua kochini nikaanza kuvirudisha, televisheni, redio, mtungi, nikipachika tu. Shangazi alinitazama mpaka nilipofika kwenye chupa ya chai.

"Hicho ni cha redio," akasema. Kisha: "Na hicho cha kochi kimepinda."

Nilifurahi kulisikia neno lile, na kufurahi kwangu kukaniudhi.

Siku ya kukabidhi, Madamu Mapunda aliichukua laptop yake akaipeleka mlangoni penye jua. Aliiinamisha huku na huku. Alipitisha ukucha ukingoni, alifungua akaangalia kama ndani kumeguswa, akafunga, akatoa kile kipande cha kitenge akakiweka juu, na kitenge kikapotea ndani ya bluu. Akamgeukia Mzee Komba. "Mbona inaonekana hamkufanya kitu?" akauliza. "Kama ilikuja hivi." Nilifungua mdomo. Msasa, spiriti, ua la petali, sahani za arusi, vyote vilinijia pamoja, nikataka kumweleza yule mama nini hasa kilikuwa kimefanyika. Mzee Komba aliinua mkono kunizuia. "Editha," akasema, "hamishia vitu vyako dirishani."

Mpaka leo ninakaa dirishani, ingawa dirisha sasa ni la kwangu. Vijana wa siku hizi wanataka stika, wanabandika, wanabandua, plastiki inabaki na gundi, kisha wananiletea mimi niwatolee. Nalalamika kutwa. Shangazi alikuwa akipita kunisalimia, anakaa kwenye benchi la wateja, anawaambia wale wasionijua: "Huyu alinichafulia kabati." Wengine waliniangalia vibaya. Ilinichukua miaka kuisikia vizuri sauti aliyokuwa akiyasemea maneno hayo, na nilipoisikia nikamtengenezea chai.

Leo nimekuja na chupa ya thina, kumnyamazisha Anjela. Amenifungulia kioo, vyombo tumeshavitoa, nimepiga magoti pale alipopiga mama yake, nimelowesha pamba. Doa lenyewe ni mstari, mfupi kuliko kidole, bluu ile ile ya kitenge. Ningeligusa mara moja lingekwenda. Nimekaa nayo mkononi ile pamba mpaka thina imekauka yenyewe. Anjela amechoka kunisubiri. Amechukua kitambaa kimoja kati ya vile tulivyovikunja, chenye ua katikati, akainama kukitandika kwenye rafu. "Basi kama halitoki tulifunike," akasema, "si ndiyo kazi yake."

Nikamshika mkono. "Hapo hapakai kitambaa."

"Kwa nini?"

"Tazama nyumba nzima, Anjela. Mama yako alifunika hata rimoti. Hapo aliwahi kuweka kitambaa?"

Alitazama. Alitazama televisheni, redio, makochi, mtungi, akarudi kwenye rafu ya kati, mbao tupu na mstari wake wa bluu ukiangalia mlango, mahali ambapo kila mgeni angeuona. Alisimama pale na kitambaa mkononi, macho yamejaa, hajui akipeleke wapi, na mwishowe akakitandika kwenye mgongo wa kochi, akakipapasa kwa kiganja. Nilifunga chupa ya thina. Nilikuwa na mengi ya kumwambia juu ya mama yake, nikatafuta la kuanzia.

"Kimepinda," nikasema.

Akakinyoosha.

"Bado kimepinda."